Kosa la Mashine au Kosa Letu?

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, Mbezi Luis)



Nimeombwa nizungumze juu ya utunzaji wa hesabu za chama kwa kompyuta. Nilipopewa kazi hiyo, nilifikiri kwanza niwaletee mafundisho ya kawaida, yale ambayo mmekwisha kuyasikia mara nyingi na ambayo husahaulika kabla basi halijafika Kimara. Baadaye nikaona yafaa nifanye jambo ambalo sisi wakaguzi hatulipendi sana. Leo nitazungumza juu ya makosa, nami nitaanza na la kwangu.

Sisi wakaguzi tumezoea kuandika makosa ya watu wengine. Tunafika chamani, tunapewa kiti na chai, tunafungua vitabu, kisha tunaondoka na kuacha nyuma yetu kurasa tano za hoja. Lakini wazee walisema kuwa nyani haoni kundule. Mkaguzi ambaye hajapata kusimama mbele ya watu na kusema "hapa nilikosea mimi" bado hajaijua kazi yake sawasawa.

Ndugu zangu, matatizo ya kompyuta na hesabu si mageni katika nchi yetu. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha, hapa hapa Dar es Salaam. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine ilikwenda vibaya; hesabu zikavurugika, na wataalamu wetu wenyewe wa kuzinyoosha walikuwa wachache mno. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Katazo lile lilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980.

Silitaji jambo hili ili niwacheke waliotutangulia. Nalitaja kwa sababu lina fundisho kwa kila chama kilichonunua kompyuta mwaka jana na kuifunika kitambaa cha kufumwa. Mashine iliyoletwa mahali ambapo watu hawajatayarishwa haipunguzi makosa, bali huyapa mbio. Karani mwenye kalamu akikosea, huharibu mstari mmoja. Karani mwenye kompyuta akikosea, huharibu daftari zima kwa kidole kimoja, na chapa zake hutoka safi, zimenyooka, hata kila mtu akaziamini.

Leo hatuwezi kurudi nyuma. Vyama vinatakiwa kuingiza taarifa zao katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ambao tumezoea kuuita MUVU, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Vyama vya akiba na mikopo vinahitaji leseni kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na mwenye leseni hutakiwa kutoa taarifa za hesabu zilizo sahihi. Tena, hapa Mbezi Luis, tangu Stendi ya Magufuli ilipofunguliwa mwaka 2021, wako mama lishe, vijana wa bodaboda, wapagazi na wakatisha tiketi ambao riziki yao hupatikana kila siku shilingi kwa shilingi. Mtu wa namna hiyo akiweka akiba chamani, ameweka jasho lake. Jina lake na tarakimu iliyo mbele ya jina lake ni mali moja. Vikitenganishwa, ameibiwa, hata kama hakuna mwizi.

Na hivyo ndivyo nilivyofanya mimi. Nilivitenganisha.

Yapata miaka kumi na minne sasa. Nilikuwa mgeni katika kazi hii, nami nilijiona hodari wa kompyuta kwa sababu nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya majuma mawili. Katika chama kimoja cha pembezoni mwa jiji, ambacho sitakitaja, palikuwa na Mama Katibu, mtu mzima, aliyekitumikia chama tangu siku zile wanachama walipokuwa wakikutana chini ya mwembe. Aliandika leja kwa mkono, kwa hati nzuri, na bodi ilikuwa imemwajiri kijana wa kumsaidia kuziingiza hesabu katika kompyuta. Wanachama walikuwa 312, nao waliorodheshwa kwa namba zao za uanachama.

Siku mbili kabla ya Mkutano Mkuu, Mwenyekiti alisema kuwa ingefaa majina yapangwe kwa alfabeti, ili kila mtu aone akiba yake upesi ubaoni. Kijana hakuwapo. Mimi nikasema, "Hiyo ni kazi ya dakika moja." Hilo lenyewe lilikuwa kosa, maana mkaguzi hapaswi kutia mkono katika hesabu ambazo kesho atazikagua. Lakini nilitaka kuonekana.

Nikaketi mbele ya kompyuta, nikachagua safu ya majina peke yake, nikaiamuru ijipange. Mashine ikaniuliza swali: je, nataka kuzichukua na safu za jirani, au niendelee na hii moja tu? Swali lilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza nilikijua. Sikulisoma. Nilibonyeza jibu lililoniharakisha. Majina yakajipanga kwa alfabeti, kuanzia A hadi Z. Fedha zikabaki pale pale zilipokuwa. Basi kila mwanachama akakabidhiwa akiba ya mtu mwingine.

Sasa tafadhali liangalieni kwa makini jambo hili, maana ndilo lililonifunga macho. Nilijumlisha safu ya fedha. Jumla ilikuwa ile ile, hadi senti ya mwisho. Ililingana na leja kuu, ililingana na benki. Mizania ilikaa sawasawa. Nikatia sahihi, nikaenda zangu nyumbani nikiwa na furaha.

Siku ya mkutano karatasi zikabandikwa. Mama mmoja wa mgahawa, ambaye alikuwa na akiba ya Shs. 1,240,000, alikuta mbele ya jina lake Shs. 35,000. Hakupiga kelele. Aliketi chini kwenye sakafu, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Kijana mmoja aliyejiunga miezi mitatu kabla ya hapo alijikuta ana zaidi ya milioni mbili, naye, kwa busara zake, akanyamaza kimya. Baada ya robo saa ukumbi wote ulikuwa umesimama. Na mnajua, ndugu zangu, kilio cha kwanza cha wanachama huwa ni kipi: "Katibu ametula!"

Mama Katibu alijaribu kusema, hakusikilizwa. Bodi iliona ni heri kuwatuliza watu, ikamwambia akabidhi funguo na akae nyumbani mpaka uchunguzi utakapokwisha. Alizitoa funguo kutoka katika kibindo cha kanga yake, akaziweka mezani mbele yangu, akatoka. Watu wengine walimzomea mpaka barabarani.

Usiku ule nilizifungua zile hesabu, na katika muda wa dakika kumi nikajua. Nililiona kosa langu kama ninavyowaona ninyi hapa.

Ndugu Mwenyekiti, ningependa niweze kusema kuwa asubuhi yake nilikwenda moja kwa moja nikaeleza. Sikwenda. Nilijiambia kwamba nitazinyoosha hesabu kwanza, kimya kimya, kisha nitasema kuwa "mfumo ulikuwa na hitilafu." Nilijiambia kuwa nina watoto, kuwa kazi ni mpya, kuwa jambo litapoa lenyewe. Siku ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Siku ya tatu mzee mmoja alikuja ofisini na kitabu chake cha mwanachama, akakifunua mbele yangu. Kila akiba ilikuwa imeandikwa kwa hati ya Mama Katibu, tarehe kwa tarehe, na kila tarakimu ilikuwa sahihi. Mzee akaniuliza, "Wewe kijana uliyesoma, nieleze. Mwizi gani huyu anayeandika kweli katika kitabu changu?"

Sikuwa na jibu, ila moja tu.

Siku ya nne nilikwenda nyumbani kwake. Nilimkuta anachambua mchele uani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama." Akaitikia, "Marahaba, baba, karibu." Nikamweleza yote, pamoja na siku zile tatu. Alisikiliza bila ya kuacha ungo wake. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, kosa lako nimekwisha kulisamehe, maana hata mimi nimekosea mara nyingi katika leja ile. Lakini siku zako tatu sijajua niziweke wapi. Siku hizo tatu wajukuu wangu wameitwa wajukuu wa mwizi."

Uliitishwa mkutano wa dharura. Nilisimama mbele ya wanachama nikaeleza kosa lilivyotokea, nikaonyesha kitabu kimoja baada ya kingine, nikaomba radhi kwa jina la Mama Katibu. Wengine walicheka, wengine walinitukana, na ilikuwa haki yao. Niliandikiwa barua ya onyo, ambayo ninayo mpaka leo. Mama Katibu alirudishiwa funguo. Alifanya kazi mwaka mmoja zaidi, akastaafu kwa heshima. Lakini sikuzote nimejua kuwa wako watu waliousikia uvumi na hawakuusikia ukweli, kwa sababu uvumi ulitangulia kwa siku nne.

Ndugu zangu, msidhani kwamba mambo haya huwapata watu wa pembezoni tu. Tarehe 8 Desemba 2005, huko Tokyo, mfanyakazi wa kampuni ya Mizuho Securities alitakiwa kuuza hisa 1 ya kampuni ya J-Com kwa yen 610,000. Akaandika kinyume chake: hisa 610,000 kwa yen 1. Mashine ilitoa onyo, nalo likapuuzwa, kama nilivyolipuuza la kwangu. Walipojaribu kulifuta agizo lile, mfumo wa soko haukukubali. Hasara ilikuwa yen zipatazo bilioni 40.

Mwaka 2010 wataalamu wawili wakubwa wa uchumi, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, waliandika juu ya madeni ya nchi na ukuaji wa uchumi, na maneno yao yalinukuliwa na wakubwa wa Serikali nyingi. Mwaka 2013 mwanafunzi aitwaye Thomas Herndon aliomba jedwali lao, akakuta kuwa amri ya kukokotoa wastani iliishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje. Wataalamu wale walikiri kosa hilo la jedwali, ingawa waliendelea kutetea maoni yao. Ni mara ngapi katika vyama vyetu wanachama wapya wameandikwa chini ya mstari wa jumla, wakawa chamani lakini wasiwe katika hesabu?

Na mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, idara ya afya ya Uingereza ilitumia jalada la Excel la aina ya zamani, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi ikakatika bila ya mtu kujua. Watu 15,841 waliokutwa na ugonjwa hawakuhesabiwa kwa wakati, na waliokuwa karibu nao hawakuonywa mapema. Tofauti na kalamu, mashine iliyofika mwisho wa karatasi haikukwaruza.

Sasa basi, tufanye nini? Nitataja mambo machache tu, ambayo hayahitaji fedha.

Kwanza, usiridhike na jumla. Jumla ni shahidi, lakini ni shahidi mmoja. Kila mnapopanga, mnapohamisha au mnapochapa orodha, chagueni wanachama kumi bila ya upendeleo, wengine wa juu, wengine wa kati, wengine wa chini. Linganisheni kila mmoja na kitabu chake au na leja. Kama mimi ningalifanya hivyo, ningaligundua kwa mtu wa kwanza.

Pili, kabla ya kugusa chochote, fanyeni nakala. Nakala moja ikae katika kompyuta, nyingine mahali pengine, katika flashi iliyofungiwa kabatini. Na jalada liandikwe tarehe. Nimekuta vyama vyenye "hesabu mpya", "hesabu mpya ya mwisho" na "hesabu mpya ya mwisho kabisa", na hakuna mtu aliyejua ipi ni ipi.

Tatu, chungeni tarehe na sifuri. Mashine iliyotengenezwa kwa desturi ya Marekani husoma 3/4 kuwa tarehe 4 Machi, wakati ninyi mmekusudia tarehe 3 Aprili. Mkopaji wenu hutozwa adhabu ya mwezi mzima asiyoistahili. Vivyo hivyo namba inayoanza na sifuri, kama ya simu au ya uanachama, huangushiwa sifuri yake. Safu za namna hiyo ziambiwe mapema kuwa ni maandishi, wala si hesabu.

Nne, kumbukeni kanuni ya kale ya makarani. Hesabu mbili zikitofautiana, gawanyeni ile tofauti kwa tisa. Ikigawanyika bila ya kubaki kitu, yamkini tarakimu mbili zimebadilishana mahali. Aliyeandika 27,000 badala ya 72,000 amekosea kwa 45,000, na 45,000 hugawanyika kwa tisa. Kanuni hiyo huokoa usiku mzima wa kutafuta.

Tano, kazi ya mmoja itazamwe na mwingine. Anayeingiza hesabu asiwe ndiye anayezithibitisha, na Kamati ya Usimamizi isingoje mwisho wa mwaka. Kila mtu awe na neno lake la siri. Neno la siri lililobandikwa ukutani ni funguo iliyoachwa mlangoni.

Sita, taarifa za wanachama si habari za barazani. Katibu mmoja alitaka kumtumia Mwenyekiti orodha ya wadaiwa kwa simu, akaituma katika kundi la WhatsApp la ukoo wake. Shemeji zake walijua madeni ya mtaa mzima kabla ya chakula cha mchana. Tulicheka, lakini wadaiwa hawakucheka. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inatuhusu. Someni jina la mpokeaji kabla ya kubonyeza, kama mnavyosoma jina katika hundi.

Saba, na hili ndilo lililonileta hapa: kosa lisemwe siku ile ile. Kila chama kiwe na daftari dogo la makosa. Aandike aliyekosea, kwa mkono wake: tarehe, kosa, namna lilivyorekebishwa, na nani ameshuhudia. Nanyi wajumbe wa bodi, nawaomba kwa unyenyekevu, msimwadhibu mtu kwa sababu ameandika katika daftari hilo. Mkimwadhibu anayesema, mtabaki na wale wanaoficha. Mwacheni aogope kuficha kuliko anavyoogopa kukosea.

Wala sisemi kuwa kila upotevu ni bahati mbaya. Wizi upo, na tutaufuata. Lakini mwizi hujificha vizuri zaidi mahali ambapo makosa ya kweli yamefichwa, kwa maana huko kila kitu huitwa hitilafu ya mfumo. Siku hizi nikiyasikia maneno hayo, huuliza: ni nani aliyebonyeza, na aliulizwa nini na mashine kabla ya kubonyeza?

Nanyi wanachama, msidhani kuwa hamna sehemu. Hesabu zile hazikunyooshwa na utaalamu wangu; zilinyooshwa na mzee aliyekitunza kitabu chake, akaja nacho, akauliza. Tunzeni vitabu vyenu na stakabadhi zenu, hata kama chama kinawaletea ujumbe wa simu. Ulizeni kila mwezi. Na siku mtakapokuta tarakimu ambayo si yenu, iwe imepungua au imezidi, semeni. Yule kijana wa milioni mbili naye alikuwa na kweli mdomoni, ambayo kama angaliisema, ingalimwokolea Mama Katibu aibu ile.

Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Mama Katibu bado yu hai. Nilipomwambia kuwa naombwa kuzungumza na makatibu, nilimwomba ruhusa ya kukisimulia kisa chake bila ya kulitaja jina. Aliniruhusu, kwa sharti moja: nisiseme kuwa ilikuwa siku ya pili wala ya tatu, bali niseme kweli kwamba ilikuwa siku ya nne.

Udumu Ushirika.